Kabla ya AFCON 2027, tuwaangalie Sauzi na kombi zao

Agosti 2 mwaka 2025 nilikuwa Mkapa, ufunguzi wa CHAN, Stars tumewapiga Burkina Faso mbili bila na watu wanatoka pale wanaimba mpaka sauti zimekauka. Dakika kumi baadaye nyimbo zimeisha. Nje giza, watu wamejaa barabarani mpaka gari haziwezi kugeuza, na zile daladala chache zilizokuwepo konda kaning'inia mlangoni anataja nauli aliyoitunga palepale, buku mbili buku mbili, kwa safari ambayo mchana haifiki hata nusu yake. Mbele yangu kulikuwa na mama ana mtoto amelala begani, jezi ya Taifa imemfika magotini, konda akamwambia mama huyo mkubwa huyo, analipa na yeye. Mama akafungua kipochi, akahesabu, akafunga, akaanza kutembea. Nilimwona mpaka alipopotelea kwenye umati upande wa Chang'ombe.

Tangu siku ile kila nikisikia watu wanajadili AFCON 2027, ambayo tulipewa sisi na Kenya na Uganda Septemba 2023, lazima mtu aseme hawa wa daladala watatuaibisha mbele za wageni. Na dawa inayotajwa ni moja, wakati wa mashindano waondolewe tu barabarani, wakae pembeni mwezi mzima mpaka wageni waondoke. Wakenya nao wanasema hivyohivyo kuhusu matatu zao.

Mimi naona swali limekaa kichwa chini miguu juu. Mgeni anakaa wiki mbili tatu na mara nyingi ana basi la hoteli au anaita gari kwenye simu, anayeumia na daladala ni yule mama, na anaumia mwaka mzima, AFCON iwepo isiwepo. Na kuna nchi imeshapita njia hii hii dunia nzima ikiwatazama, na wenzetu hao wakalipa gharama kubwa sana kujua kitu ambacho sisi tunaweza kujifunza bure. Nawasema Sauzi na Kombe la Dunia la 2010.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo kombi. Kule ukisema teksi mtu haelewi gari ndogo ya kukodi, anaelewa Haisi ya watu 15 au 16, yaani kipanya chetu hiki hiki. Lina taratibu zake ambazo hazijaandikwa popote. Ukisimama barabarani Johannesburg unanyoosha kidole cha shahada juu, dereva anajua unaenda mjini, ukikielekeza chini anajua unaishia hapahapa mtaani. Konda kwa kawaida hakuna. Nauli inatoka siti ya nyuma inapita mkono kwa mkono mpaka mbele, na aliyekaa karibu na dereva ndiye mhasibu wa safari, anahesabu, anarudisha chenji nyuma, na akikosea watu kumi na tano wanamsema. Wenyewe wanajua ukitaka kulipa kwa amani usikae siti ile.

Hizi gari hazikuletwa na serikali. Makaburu waliwasukuma watu weusi mbali na mji, Soweto, Mamelodi, KwaMashu, baadaye Khayelitsha, halafu wakawataka kila asubuhi wawe mjini kazini, na treni na mabasi waliyowapa hayakutosha na hayakuwa salama. Watu wakaanza kubebana wenyewe. Mwanzoni ilikuwa kwa kupenya kwenye upenyo wa sheria ya usafirishaji ya 1977 iliyoruhusu teksi ya abiria wachache, kisha 1987 na 1988 serikali ikalegeza kila kitu kwa mkupuo, Haisi zikaruhusiwa, vibali vikatoka kama njugu, na hakuna aliyepanga ruti ngapi zinahitaji gari ngapi. Gari zikawa nyingi kuliko abiria kwenye ruti nzuri, na pale serikali ilipokaa pembeni vyama vya wenye teksi ndivyo vikawa serikali. Chama ndicho kinasema nani apakie stendi gani, chama ndicho kinachukua kiingilio, na ukipakia kwenye ruti ya chama kingine unajibiwa kwa risasi. Miaka ya 90 waliita vita na ilikuwa vita kweli, na wauaji wa kukodiwa wa biashara hii, wenyewe wanawaita izinkabi, wapo mpaka leo.

Sasa angalia na upande wa pesa. Treni zinapewa ruzuku, mabasi yanapewa ruzuku, kombi ambazo ndizo zinabeba wengi hazipewi. Dereva anapeleka hesabu kwa tajiri, yaani mwenye gari, kinachobaki ndio chake, mkataba wa kazi kwa wengi hakuna. Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Ukimwekea binadamu hesabu ya kila siku isiyojali foleni wala mvua wala gari kuharibika, atapita pembeni mwa barabara, atajaza, atakatisha ruti akakushusha njiani, na atagombana na kila mtu, maana jioni anasubiriwa na tajiri. Tabia mbaya zipo na zinakera, nami zinanikera, ila zimetengenezwa na mfumo wa malipo kabla hazijatengenezwa na malezi ya mtu.

Basi Mei 15 mwaka 2004, Zurich, Sauzi wakapata Kombe la Dunia kwa kura 14 dhidi ya 10 za Morocco, nchi nzima ikashangilia, Mandela yupo palepale machozi yanamtoka. Miaka sita ya kujiandaa. Serikali tayari ilikuwa na mpango wake tangu 1999 wa kununua kombi chakavu zikapondwepondwe ili wenye mali wanunue mpya, ukaja kuanza kweli kweli miaka saba baadaye, unaleta gari lako la zamani unapewa randi 50,000. Halafu Johannesburg ikaamua kujenga mwendokasi wake, Rea Vaya, yaani tunakwenda, na viongozi wa teksi wakapandishwa ndege mpaka Bogotá kule Kolombia wakaone wenzao walivyofanya. Hapo ungesema mambo yananyooka.

Hayakunyooka. Ujenzi ulikuwa unakwenda kwa kalenda ya FIFA na mazungumzo yalikuwa yanakwenda kwa kalenda yake. Zege linamwagwa Soweto wakati mwenye kombi mbili hajaambiwa kombi zake zitathaminiwa kwa bei gani, atapewa hisa ngapi, dereva wake atakwenda wapi. Machi 2009 wakagoma, kombi zikasimama, watu wakatembea kwenda kazini. Uchaguzi mkuu ulikuwa Aprili ile, kwa hiyo wanasiasa wakaanza kuwapoza, subirini kwanza uchaguzi upite tutaongea, na Juni Rais mpya Jacob Zuma akakutana nao uso kwa uso. Sehemu ya wenye teksi wakaenda mahakamani kuzuia mradi, wakashindwa. Agosti 30 mwaka 2009 mabasi yakaanza. Siku mbili tatu tu hazijapita, basi la Rea Vaya likamiminiwa risasi Soweto na watu wawili wakajeruhiwa.

Hapa niseme wazi maana kuna watu wakisikia unaeleza chanzo cha jambo wanadhani unalitetea. Anayepiga risasi basi lililojaa watu wanaotoka kazini ni mhalifu, basi, hakuna umaskini wala ubaguzi wa rangi wala nini unaoweza kusafisha hilo. Na serikali inayorudi nyuma kwa sababu ya bunduki inamfundisha kila mwenye chama kwamba bunduki inalipa. Joburg hawakurudi nyuma, mabasi yaliendelea kutembea chini ya ulinzi wa polisi, na nadhani hilo lilikuwa sahihi kabisa.

Ila kuna kitu kingine ambacho nataka msomaji akikamate vizuri. Mashindano makubwa yanampa kila mtu saa ya kuhesabia. Serikali inaitazama saa inaona aibu inakuja, kwa hiyo inakimbiza. Wenye teksi wanaitazama saa hiyohiyo wanaona bei yao inapanda, kwa sababu anayeogopa tarehe ndiye anayelipa zaidi. Kwa hiyo kila mwezi unaosogea karibu na mechi ya kwanza mazungumzo yanakuwa mabaya, hakuna anayezungumza tena kuhusu usafiri, wanazungumza kuhusu vitisho. Ndio maana kwenye magazeti ya kipindi kile habari ilikuwa teksi zinatishia Kombe la Dunia, na mkazi wa Soweto anayeamka saa kumi alfajiri kupanga foleni ya kombi hakuwa habari.

Na Kombe lenyewe lilikwendaje? Juni 11 Bafana wakatoka sare ya 1-1 na Mexico, Tshabalala akapiga lile shuti ambalo bado linatusisimua, mwezi mzima ukapita, Hispania wakabeba kombe. Wageni wa nje waliokuja kwa ajili ya michuano walikuwa kama 310,000. Matatizo ya usafiri na utaratibu yalikuwepo, lakini angalia yalitoka wapi. Walinzi wa viwanjani waligoma kwa sababu ya malipo, baada ya mechi ya Ujerumani na Australia pale Durban polisi wakawapiga mabomu ya machozi. Madereva wa Rea Vaya wenyewe, wa mabasi yale mapya ya kupendeza, wakagoma michuano ikiwa imeshaanza. Na tukio baya kuliko yote la usafiri likaja Julai 7, siku ya nusu fainali ya Ujerumani na Hispania, uwanja mpya wa ndege wa King Shaka, Durban, ulijaa ndege binafsi za matajiri zilizoegeshwa mpaka ndege za abiria zikakosa pa kutua, nyingine zikarudishwa Joburg na Cape Town, na mamia ya watu wenye tiketi mkononi wakaikosa mechi.

Miaka mitano ya kuogopa kombi, na waliokwamisha watu nusu fainali walikuja na ndege binafsi.

Walinzi waligoma kwa malipo, madereva wa basi waligoma kwa masharti ya kazi, wenye kombi waligoma kwa kunyang'anywa mkate. Ni jambo lilelile. Anayefanya kazi ya kuwezesha sherehe hajaambiwa kwa maandishi atapata nini, na akiuliza anaitwa mkorofi.

Sasa njoo kwenye kilichofanya kazi, maana kipo. Mazungumzo yaliendelea miezi na miezi, kombi kwa kombi, nani ana kibali, nani ana gari ngapi kwenye ruti gani, ilikuwa inampatia kiasi gani kwa mwezi. Mwisho kombi 585 zikaondolewa barabarani na wenye teksi zaidi ya 300 wakawa wenye hisa wa kampuni inayoendesha yale mabasi, PioTrans, wakakabidhiwa Februari 2011. Rudia kuisoma hiyo tarehe. Kombe lilikuwa limeisha Julai 2010. Wageni walikuwa wameshaondoka miezi saba, kamera zimeshafungashwa, hakuna tena aliyekuwa na saa ya kumtishia mwenzake, na hapo ndipo mkataba wa maana ukakamilika. Kwangu mimi hili ndilo somo lote la Sauzi. Kazi ya kuwageuza wenye vipanya kuwa wenye mabasi inahitaji subira na vitabu vya hesabu vilivyo wazi, na tarehe ya FIFA haikuisaidia, iliichelewesha.

Sitaki pia mtu aondoke hapa anadhani ukigawa hisa umemaliza. Cape Town nao walijenga wa kwao, MyCiTi, ulianza kwa kubeba watu wa Kombe la Dunia, lakini mabasi yake ya kwenda Khayelitsha yalisimama 2019 kwa sababu wenye teksi waliokuwa na mgao ndani ya mkataba walishindwa kuelewana, yakaja kurudi 2022. Kule Joburg njia ya kwenda Alexandra na Sandton ikachelewa miaka na miaka. Na Agosti 2023 Cape Town yote ilisimama kwa zaidi ya wiki, wenye teksi wamegoma kwa sababu kombi zao zinakamatwa, watu watano wakafa, mamia ya maelfu ya wanafunzi wakakosa shule. Miaka kumi na tatu baada ya Kombe la Dunia.

Kwa nini inajirudia? Jibu langu ni kwamba pale mezani kiti cha abiria hakipo. Anakaa serikali, anakaa mwenye teksi, wanagombana, wanapatana, wanagombana tena, na kila mmoja anadai anamsemea abiria. Februari 2008, mji ukiwa katikati ya maandalizi, dada mmoja alivuliwa nguo na kudhalilishwa stendi ya Noord pale Johannesburg eti kwa sababu amevaa sketi fupi, kundi la wanaume linashangilia. Wanawake wakaandamana mpaka stendi ileile wamevaa sketi fupi. Ningetegemea jambo kama lile liwe ajenda namba moja kwenye kila kikao cha teksi na serikali, kwamba mkataba wowote, hisa yoyote, ruzuku yoyote, unaanza na usalama wa dada anayesubiri gari. Lakini vikao vilijaa hesabu za fidia na idadi ya gari. Zile hesabu ni za haki, nimezitetea hapo juu, ila si za peke yake.

Na sisi je. Sisi tumeshaonja. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 daladala zikaondolewa Morogoro Road, zikahamishiwa ruti nyingine, tukaambiwa shida imekwisha. Kisha mabasi yakawa machache, na kila mtu ameona Kimara asubuhi watu wanavyoingia kwa dirishani, watu wazima wenye tai na mikoba. Kuondoa daladala ni kazi ya siku moja ya trafiki. Kubeba waliokuwa wanabebwa na daladala ndio kazi yenyewe.

Kwa hiyo ningeomba mambo yafanyike tofauti na mapema. AFCON isichukuliwe kama sababu ya kuhamisha mfumo mzima wa usafiri wa mji, huo una muda wake na mazungumzo yake, na yasifungwe na tarehe ya mechi. Kwa usiku wa mechi fanyeni kitu kidogo kinachoeleweka, serikali au kamati ya maandalizi ikodi daladala zilezile, kwa mkataba, gari namba fulani na ruti fulani kuanzia saa fulani, na mwenye gari alipwe kwa safari, abiria asitoe hata senti kwa sababu nauli imo kwenye tiketi ya mpira. Suka akijua safari yake imeshalipwa hana sababu ya kutaja buku mbili mlangoni, na hana sababu ya kukimbia trafiki wala ya kujaza mpaka mlango haufungiki. Na dereva na konda walipwe mkononi mwao, isipite kwa tajiri peke yake, maana tukimwachia tajiri tumerudi kwenye hesabu ileile. LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wapo, na kuna baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini ambalo kazi yake ni sisi abiria, wapewe kiti cha kwanza kwenye hicho kikao, na wawepo wanawake humo ndani wanaopanda daladala usiku, siyo wanaosimuliwa.

Najua kuna atakayesema hawa jamaa ukiwalipa watadai zaidi. Watadai, kama mkianza kuongea nao wiki mbili kabla. Mkianza leo hawana saa ya kuwatishia nayo, wana gari tu zinazotafuta kazi, na mwenye gari anayetafuta kazi ni mtu rahisi sana kuongea naye.

Mkapa unaingiza watu 60,000. Coaster ya watu 30 inahitaji safari 2,000 kuwamaliza, na mechi ya usiku inaisha saa nne. Ningependa mtu wa kamati ya maandalizi asimame atutajie hizo safari 2,000 atazitoa wapi, dereva wa gari la kwanza atalipwa shilingi ngapi, na mama mwenye mtoto begani akifika mlangoni ataambiwa alipe ngapi.